Gia Nyeupe ya Kianjokoma

Muthara, Tigania Mashariki
6 Februari 2024

Kwa Bwana Munyi, fundi wa nailoni, Kianjokoma

Bwana asifiwe. Hunijui na mimi sikujui, lakini Mungu anatujua wote wawili, kwa hivyo nimeona niandike bila aibu. Jina langu ni Karwirwa, hapa wananiita Mama Mukiri. Namba yako ya simu nilipewa na Njuki, yule fundi wa mashine wa Meru mjini. Nimepiga, inalia mpaka inachoka yenyewe. Nilipomrudia Njuki akacheka: "Mama, huyo mzee wa Embu hashiki simu. Mwandikie barua, uifunge pamoja na hicho chuma, utume kama parseli." Ndivyo nimefanya.

Chuma hicho ni gia ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mashine iliachwa na mume wangu Gitobu, ambaye Bwana alimchukua mwaka ule wa korona. Utaona meno ya gia yameisha upande mmoja kama mdomo wa ajuza. Spea hazipatikani, waliotengeneza mashine hii walifunga zamani. Njuki anasema wewe unaweza kutoa gia kama hiyo kwa nailoni. Mimi nailoni ninayoijua ni ya soksi na ya kamba ya kuanika nguo. Kweli nailoni itakata mabua ya mahindi?

Nikueleze kwa nini nina haraka, usifikiri ni biashara. Kila jioni majirani walikuwa wakileta majani ya nepia na mabua hapa kwangu. Tunakata, tunaongea, huyu anaomba chumvi, yule ananiambia nani ameoa. Binti yangu Mukiri ameolewa Isiolo, nyumba hii niko peke yangu. Tangu mashine inyamaze geti halifunguliwi. Juzi nimejikuta nawaeleza kuku mambo ya siasa, nao wakaondoka.

Tengeneza mbili, moja iwe ya akiba. Bei utaniambia. Mungu abariki mikono yako.

Ni mimi,
Karwirwa


Kianjokoma
21 Februari 2024

Mama Mukiri,

Chuma nimepata na barua nimepata. Barua nimeisoma mara mbili. Wateja wengine hunitumia chuma kitupu, hata salamu hakuna.

Nailoni ya soksi na hii yangu ni ndugu wa tumbo moja. Ile imevutwa ikawa uzi, hii imemiminwa ikawa kama mfupa. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nyuzi, mbali na hapa, na huko karakana ndiko nilikojifunza kumimina. Inakuja kwenye gunia, magamba meupe kama sabuni iliyoparuzwa. Nayeyusha kwenye sufuria mbili. Moja natia kichocheo, nyingine natia dawa ya kukiamsha hicho kichocheo. Zikikaa mbalimbali zinatulia tu kama maji. Nikizimimina pamoja, basi, hakuna kurudi nyuma. Lazima niyawahishe kwenye kalibu ya moto, lile umbo la chuma, kwa maana ukisali Baba Yetu polepole, ukifika Amina yale maji yameanza kuwa jiwe. Wakati huo hata chifu akisimama mlangoni mimi sigeuki.

Baadaye gia inapoa taratibu ndani ya oveni, nakata meno, naichemsha majini muda mrefu, iko tayari. Ni nyeupe kama maziwa. Nakutumia mbili. Itakata mabua na haitapiga kelele kama chuma.

Simu siipendi. Ukiwa na neno, niandikie.

Munyi


Muthara
25 Machi 2024

Ndugu Munyi,

Natumaini mvua ya huko imeanza vizuri. Hapa imenyesha siku mbili ikakumbuka safari nyingine.

Sijui niseme vipi. Gia zako ni nzuri, zilipofika nilimwita jirani yangu Karwitha aje azione, akasema zinafaa kuwekwa sebuleni. Njuki hakuweza kuja kuzifunga mpaka wiki tatu zikapita. Nikazitunza vizuri sana, nakuhakikishia, kama yai. Akafunga ya kwanza. Jioni ile watu walikuja! Kithaka, mzee wa kanisa letu, alileta mabua ya mkokoteni mzima akaimba pambio juu ya kelele. Siku ya tatu, pa! Gia ikapasuka katikati kama sahani. Tukafunga ya pili. Nayo haikumaliza wiki.

Njuki alijikuna kichwa akasema labda umezeeka. Nikamwambia afunge mdomo wake. Sikulaumu. Nakutumia vipande ujionee. Na kama huwezi kurudia nitaelewa, nitaiuza mashine kwa wa vyuma chakavu, nizoee.

Mbona husemi chochote juu yako? Una watu hapo?

Karwirwa


Kianjokoma
11 Aprili 2024

Mama Mukiri,

Vipande nimevilaza kwenye benchi na nimeviangalia kama mtu anayeangalia maiti ya jirani. Vimepasuka vikiwa vikavu, bila kupinda hata kidogo. Nailoni yangu huwa inapinda kwanza. Nimefanya kazi hii tangu nistaafu na sijawahi kurudishiwa kitu mara mbili. Nilikosa hamu ya chakula.

Nitakueleza ninavyofikiri, maana umeniuliza vizuri na hapa sina wa kumwelezea. Yale magamba meupe, kila chembe ndani yake ni duara. Imejikunja, mkono wake mmoja umeushika mkono wake mwingine. Imejikumbatia yenyewe. Unaweza kuyeyusha chembe hizo mchana kutwa, zitazunguka tu kila mtu na lake. Kichocheo kazi yake ni kufungua duara moja. Likifunguka, mkono unabaki wazi, unashika jirani, naye analazimika kujiachia, anashika wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka umepata mnyororo ambao huwezi kuuhesabu. Huo ndio nailoni. Ukitazama gia ni watu wengi walioshikana mikono.

Sasa adui ni maji. Tone dogo likiingia kwenye sufuria wakati huo, kichocheo kinakufa, maduara yanabaki yamejifunga. Na sisi tuko chini ya msitu wa mlima, ukungu unaingia hata kwenye mfuko wa shati. Nadhani ukungu ndio umenishinda. Safari hii nimekausha magamba, nimekausha kalibu, nimekausha hata hewa kwa kuwasha oveni tangu alfajiri. Nimeomba kabla ya kumimina, kwa sababu wakati wa kumimina hakuna nafasi ya kuomba.

Ndiyo, nina binti, Karimi, yuko Mombasa. Mke wangu alitangulia zamani. Nina benchi na oveni na ukungu. Natuma gia nyingine.

Munyi


Muthara
2 Juni 2024

Ndugu Munyi,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kukupa habari hii. Imepasuka nayo.

Pasaka nilikupigia simu kukutakia heri, nikisema labda siku ya kufufuka hata wewe utaishika. Haikushikwa. Sawa.

Mtu mmoja wa hapa, Muthamia, amefungua mashine mpya ya kukata majani pale sokoni, yenye stima, na redio juu yake. Majirani wangu wanakwenda huko. Siwalaumu, ng'ombe hangoji. Hata Karwitha hupita na mzigo wake kwa njia ya nyuma ili nisimwone, na mimi nakaa ndani ili asione kwamba nimemwona. Jumapili kanisani tunasalimiana vizuri. Halafu narudi nyumbani, nafungua geti, nalifunga mwenyewe.

Ndugu yangu, kama ni gharama usijisumbue tena. Sijui nilikosea wapi. Hizi gia nazitunza kuliko vyombo vya harusi. Ikifika tu, hata mfuko siutoi, naipandisha itara, ule uchaga wa juu ya moto jikoni, pamoja na mbegu za njahi na Biblia ya mama mkwe, mahali ambapo panya hafiki wala unyevu haufiki. Ulisema adui ni maji. Safari hii niliongeza moto kidogo mchana, wiki zile tunamngoja Njuki, ili ikae kavu kabisa. Na bado.

Niombee. Jioni ni ndefu.

Karwirwa


Kianjokoma
12 Juni 2024

Mama Mukiri, Mama Mukiri!

Nimecheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. Kisha nikaona haya, maana kosa ni langu, nilikuambia nusu nikameza nusu.

Itara! Hata sisi huku Embu tunazo. Mama yangu aliweka huko mbegu, ngozi, na cheti changu cha ubatizo mpaka kikawa cha rangi ya chai. Kitu cha thamani kinapelekwa juu ya moto, ndivyo tulivyolelewa. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Lakini sikiliza.

Maji ni adui wa nailoni inapozaliwa. Ikishazaliwa, maji ndiyo uhai wake. Gia ikitoka kwenye kalibu ni kavu na ni kali, ukiiangusha inapasuka. Ndiyo maana naichemsha kabla ya kukutumia, sio kuisafisha. Maji yanapenya ndani polepole, yanajipenyeza katikati ya ile minyororo, na minyororo inapata nafasi ya kusogea kidogo mzigo ukiigonga. Huko kusogea kidogo ndiko kunakofanya isivunjike. Wewe ukaiweka juu ya moto wiki tatu, ukayatoa yale maji yote niliyoyatia. Umeitunza mpaka ikakauka.

Nakutumia mbili mpya. Ya kufunga, iloweke kwenye ndoo siku kadhaa kabla Njuki hajaja. Ya akiba, ikae ndani ya sufuria ya maji, popote, hata chini ya kitanda. Usiionee huruma.

Hizi hazitapasuka. Nina hakika kabisa. Nimefurahi kwa ajili yako. Nilipokuwa nikizifunga kwenye karatasi nilikumbuka kwamba gia nzuri haina sababu ya kurudi kwa fundi, wala mwenye gia. Basi, ndivyo kazi ilivyo.

Munyi


Muthara
14 Julai 2024

Ndugu Munyi,

Inafanya kazi! Wiki ya tatu inaisha na hata ufa kama unywele hakuna. Inazunguka kimya, mpaka tunasikia wembe ukikata majani, shwa, shwa. Kithaka anasema ni gia iliyookoka. Karwitha amerudi, kupitia geti la mbele, na kikapu cha maparachichi, hatukusema chochote juu ya njia ya nyuma. Muthamia abaki na redio yake.

Ya akiba iko kwenye sufuria chini ya kitanda kama ulivyosema. Asubuhi nikifagia nainamia pale naisalimu.

Sasa nisikie. Mwezi wa nane akina mama wa kanisa letu tuna mkutano Embu mjini. Kutoka hapo hadi Kianjokoma sio mbali. Siahidi, lakini nikipata nafasi nitapita nikushike mkono nikuambie asante. Mambo mengine mtu hawezi kuyaweka kwenye parseli.

Uniambie kama ni vibaya. Usipojibu nitajua ni sawa.

Karwirwa


Muthara
26 Agosti 2024

Kwa Bwana Munyi,

Salamu.

Nilifika kwako Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Niliuliza njia dukani, mama mmoja akanielekeza, nikapanda kile kilima na viatu vya mkutano. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa umenipa mgongo, na koti la buluu lililopasuka begani. Nikasema hodi. Nikangoja, maana ulishaniambia ukimimina hugeuki. Lakini hukuwa unamimina. Ulikuwa unapiga gia msasa, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Nikasema hodi tena kwa sauti. Nikasema, "Ni mimi, Karwirwa wa Muthara." Nikaita jina lako. Nikasimama pale nimeshika mfuko wa ndizi kama mtoto aliyetumwa. Mgongo haukugeuka.

Mimi ni mtu mzima, Bwana Munyi. Barua ya Julai nilikuambia, kama ni vibaya nijulishe. Ungeandika neno moja. Labda ulinifikiria kijana, ukanisikia sauti ukajua ni mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye magoti mabovu. Ni haki yako. Lakini mtu hufunga mlango, hamwachi mwenzake amesimama mbele ya mlango ulio wazi.

Ndizi niliacha kizingitini. Wenzangu waliponiuliza mbona nimerudi mapema nikasema sikukukuta. Mungu anisamehe huo uongo, ingawa nikiufikiria naona haukuwa uongo sana.

Gia inafanya kazi vizuri. Sina neno lingine.

Karwirwa Gitobu


Kianjokoma
2 Septemba 2024

Mama Mukiri,

Ndizi nilizikuta jioni nikitoka kufunga. Niliuliza majirani wote nani ameniletea. Yule mama wa duka aliniandikia kwamba ni mgeni, mama nadhifu mwenye kofia. Nikaketi kwenye kizingiti. Nilijua. Sikujua nianzie wapi kuandika, na barua yako ikafika kabla.

Mimi sisikii. Sio kidogo. Sisikii kabisa.

Kule kiwandani, nyuzi zinapotoka kwenye mashine na kuzungushwa, kelele yake ni kama mvua ya mawe juu ya mabati, bila kukatika, mchana na usiku. Sikio la kushoto lilienda kwanza. La kulia lilinivumilia mpaka mwaka wa kustaafu. Simu yako ya Pasaka ililia kwenye droo ya misumari, nami nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nakunywa chai. Njuki nilimwomba asiseme. Akakuambia sishiki simu, nami nikaandika kwamba siipendi, kwa mkono wangu.

Utauliza kwa nini. Watu wakijua wanapiga kelele usoni mwako wiki moja. Wiki ya pili wanakuonyesha kwa vidole. Wiki ya tatu wanaongea na aliye kando yako. Karimi alikuja Krismasi, mtoto mzuri, lakini alikaa akiangalia simu yake kwa sababu kuongea nami ni kazi. Kanisani naketi nyuma ili nione watu wakisimama nami nisimame. Nilikuwa naimba kwa kukumbuka, mpaka siku moja nikaona vichwa vyote vimegeuka, kumbe wimbo ulishaisha kitambo. Tangu hapo naimba moyoni.

Kisha ikaja barua yako na kile chuma. Ndani ya barua mimi nasikia kama watu wote. Nilikusikia ukiongea na kuku. Nilimsikia Kithaka akiimba pambio. Nikasema, huyu akijua, barua nazo zitakwisha.

Ile barua ya Julai nilitaka kujibu usije. Nikashindwa, kwa sababu nilitaka uje. Nikasema Mungu atafanya, nitakuwa nimeelekea mlango. Kila siku ya mwezi wa nane nilielekeza kiti mlangoni. Ijumaa ile jua lilinipiga machoni, nikakigeuza kidogo tu, nimalize msasa.

Uliita jina langu na sikulisikia. Hilo ndilo linanisumbua kuliko yote. Sijui linasikikaje kwa sauti yako.

Nimefunga uzi. Umeanzia kwenye mwimo wa mlango, kwa nje, umepita juu ya dari, umeshuka mpaka mbele ya macho yangu kwenye benchi, na mwishoni mwake nimening'iniza jino moja la ile gia yako iliyopasuka. Uzi ni nailoni, hautakatika. Mtu akiuvuta mlangoni, jino linacheza mbele yangu. Sikuombi chochote. Nimekuambia tu kwamba upo.

Munyi


Kianjokoma
30 Septemba 2024

Mama Mukiri,

Hujajibu, na sikudai jibu. Nataka tu ujue jinsi uzi unavyoendelea.

Wiki iliyopita jino lilicheza sana. Niliruka, nikaangusha msasa, nikajipangusa mikono kwenye koti, nikafika mlangoni nikitabasamu. Alikuwa mbuzi wa jirani, anatafuna uzi. Nikamtazama, naye akanitazama. Nilimwambia hapa hakuna mabua, akienda aende na njaa yake.

Siku nyingine ni upepo. Nimeanza kujua tofauti ya upepo na mbuzi.

Ukungu umepungua. Nitamimina sana mwezi unaoingia kabla ya mvua. Iweke ile ya akiba majini, usisahau. Maji yakipungua ongeza.

Munyi


Kianjokoma, kwenye benchi lako
17 Oktoba 2024

Ndugu Munyi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichokuwa unakielekeza mlangoni. Karatasi nimechukua hapa mezani, kalamu ni yangu.

Nimevuta uzi. Nimeona jino likicheza mbele yako, nawe umeliona, maana mabega yako yamepanda ghafla. Lakini ulikuwa umekwisha kuzichanganya sufuria mbili. Umeinua mkono wa kushoto bila kugeuka, hivi, kama mtu anayesema ngoja, na wa kulia umeendelea kumimina. Kalibu zilikuwa zimepangwa nyingi, ukimaliza moja unaingia nyingine. Mmiminaji hageuki hata kwa chifu, uliniambia mwenyewe, kwa hivyo sikukasirika. Nimesali Baba Yetu polepole nione kama ni kweli. Ni kweli. Nimefika Amina na pembeni kumeanza kuwa kweupe.

Barua yako ya Septemba nimekaa nayo wiki sita. Sio hasira. Nilikuwa nafikiri jinsi nilivyosimama hapo nikiita, na nyumbani nilivyozoea kuita Gitobu kila nikiingia, naye hajibu, na sijawahi kumkasirikia hata siku moja. Nikajiuliza mbona wewe uliye hai nilikukasirikia haraka hivyo.

Gia haijavunjika. Ujue hivyo. Sikuleta chuma chochote, mikono yangu ina ndizi tu. Jioni ni lazima nirudi, Kithaka atakuwa na mabua, na Karwitha ndiye anayelinda geti. Lakini mchana bado upo.

Uliandika hujui jina lako linasikikaje kwangu. Nimelisema sasa hivi, kwa sauti, ukiwa umenipa mgongo, nikiwa najua husikii. Linasikika vizuri. Nitalirudia ukinitazama midomo.

Unafunga oveni sasa. Utageuka, na mimi nitakupa karatasi hii kabla ya kitu kingine, kwa kuwa ndivyo tunavyoongea sisi wawili. Isome polepole, sina haraka. Ukimaliza inua macho.

Karwirwa